KOKWA YA TENDE KATIKA KARATASI NZIMA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu wa madrasa na vijana katika kikao cha kuukaribisha mwezi wa Ramadhani)





Ndugu zangu, nilipoambiwa nizungumze nilipewa mada ya “kijana na elimu”. Nikaomba niipunguze, niseme juu ya kuwafunza watoto kuchora. Mwenyekiti alinitazama akacheka, “Kuchora, na Ramadhani hii inaingia?” Nikamwambia ndiyo, na hasa kuchora kokwa ya tende. Basi akaniachia, nadhani ili aone nitaishia wapi.

Wengi wenu mwanijua. Nimesoma madrasa hapa hapa, na sasa niko chuo kikuu nasomea ualimu. Likizo ya Agosti iliyopita niliomba ruhusa nikae na watoto wa chuoni kwetu siku za Jumamosi, baada ya darsa, niwafunze kuchora kwenye baraza. Walikuja watoto 23, mdogo wao ana miaka saba na mkubwa kumi na miwili. Nilikuwa na karatasi, penseli, raba mbili za kugawana, na lenzi moja ya kukuzia niliyoinunua mjini kwa shilingi 150.

Siku ya kwanza niliharibu. Wacha niseme ukweli. Nilimpa kila mtoto ua moja la asumini kutoka kwa bibi yangu, nikawaambia, “Chora ua hilo.” Kisha, kwa kutaka kuwasaidia, nikachora la kwangu ubaoni. Nilipozunguka kutazama kazi zao nilikuta maua 23 ya ubaoni. Mstari mmoja mkono wangu uliteleza, na kosa lile lile limo kwenye karatasi zote! Asumini zenyewe zilikuwa sakafuni zinanyauka, hakuna aliyezitazama.

Wiki ya pili sikuchora kitu ubaoni. Wakachora ua lile tunalolijua sote: duara katikati, petali tano kama masikio, kijiti, na majani mawili. Kila mtoto Kenya hii anachora ua hilo. Mwambie achore nyumba, atachora pembetatu juu ya mraba na moshi unatoka, hata kama kwao ni nyumba ya dari ya sakafu hapa mji wa kale na hakuna bomba la moshi tangu enzi za babu yake. Mtoto huyu hachori anachokiona, anachora anachokijua. Ana alama kichwani, ameihifadhi, anaitoa anapoombwa. Jicho halifanyi kazi yoyote.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu jambo hili lilisemwa na mwanachuoni wetu mmoja zamani sana. Ibn al-Haytham alizaliwa Basra karibu na mwaka 965, akaishi Misri, na akafia Cairo karibu na mwaka 1040. Ndiye mwandishi wa Kitab al-Manadhir, kitabu cha mambo ya kuona, chenye juzuu saba. Watu mashuhuri kabla yake walidhani jicho linatoa miale inayokwenda kugusa vitu. Yeye alionyesha kwa majaribio na kwa hesabu kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaja jichoni. Alieleza pia jinsi mwanga unavyopinda ukipita ndani ya maji au kioo, na kwa nini kitu kilichomo majini huonekana kikubwa. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na Ulaya ikasoma kwake.

Lakini lililonishika mimi ni jingine. Ibn al-Haytham anatofautisha kuona kwa aina mbili. Kuna kuona kwa kutupa jicho, ambapo unakitambua kitu kwa alama zake chache kwa sababu umeshawahi kukiona, ukapita. Na kuna kuona kwa kutaamali, ambapo jicho linatembea juu ya kitu sehemu baada ya sehemu. Anasema umbo la kweli la kitu halithibitiki ila kwa huku kwa pili. Niliposoma maneno hayo maktabani nikawakumbuka watoto wangu wa barazani. Wametupa jicho, basi. Wakasema hili ni ua, tunalijua.

Sasa utamtoaje mtoto kwenye kutupa jicho umpeleke kwenye kutaamali? Kumwambia “tazama vizuri” hakusaidii, kila mwalimu analijua hilo. Njia niliyoipata, na walimu wa sanaa sehemu nyingi wanaitumia, ni kumwamrisha akikuze. Chukua kitu kidogo kinachoenea ndani ya kiganja, ukichore kijaze karatasi nzima mpaka kingo zake ziguse pembeni. Siri iko hapa: ile alama aliyoihifadhi kichwani haikuzwi. Petali lake la sikio likiwa na urefu wa sentimita ishirini linabaki jeupe tupu, na mtoto mwenyewe anaona kwamba ndani hamna kitu. Inambidi arudi kwenye ua kuuliza, “Hapa katikati pana nini?” Akisharudi mara moja atarudi mara hamsini.

Kabla ya penseli kuna kutazama. Mimi niliwapa dakika tatu za kimya, kitu mkononi, penseli chini. Dakika tatu kwa mtoto wa miaka saba ni kama safari ya Nairobi kwa basi, lakini walizoea. Halafu kila mmoja alikata kidirisha kidogo kwenye kipande cha boksi, kama nusu ya kibiriti. Unakiweka kidirisha juu ya jani au tunda lililokatwa, unachora kile tu kilichomo ndani ya kidirisha. Hii inaondoa woga. Mtoto hachori tena “bamia”, anachora mistari na mabonde, na hajui mstari huu unaitwaje kwa hiyo hawezi kuudanganya. Bamia tuliyoikata kwa upana, wallahi, ilitutoa mayowe: nyota ndani ya mboga ambayo mama ameipika siku zote!

Wakubwa tuliwaongezea hesabu. Pima kitu kwa rula, pima mchoro wako, gawanya urefu wa mchoro kwa urefu wa kitu, hicho ndicho kiwango cha ukuzaji. Kokwa ya sentimita mbili na nusu ikichorwa kwa sentimita ishirini na tano imekuzwa mara kumi. Dada na kaka zetu wa sekondari wanajua kwamba swali hili liko kwenye mtihani wa vitendo wa biolojia, na wengi hulipotezea alama ilhali ni kugawanya tu. Mtoto wa darasa la tano barazani kwetu analifanya bila kujua kwamba ni gumu.

Na kama hamna lenzi? Tandaza nailoni angavu juu ya gazeti, dondosha tone moja la maji juu yake, kisha iinue nailoni kidogo. Herufi zilizo chini ya tone zitakua. Glasi ya duara iliyojaa maji nayo hukuza, ingawa hupotosha umbo kwa kulivuta upande mmoja. Vijana wengine waliniambia, “Si tupige picha kwa simu tuivute?” Inawezekana, na wakati mwingine tulifanya hivyo kuhakikisha. Lakini niliona mtoto akishapata picha kwenye simu anaacha kukigeuzageuza kitu mkononi, na kukigeuza ndiyo nusu ya somo. Tahadhari moja kwa wazazi: lenzi isielekezwe kwenye jua, na mtoto asitazame jua kupitia humo hata mara moja. Inaunguza jicho kama inavyounguza karatasi.

Sasa nije kwenye kokwa.

Wiki ya nne niliishiwa na vitu. Asumini, bamia, ukwaju, ndimu, kombe za baharini, vyote tulishavimaliza. Nikaokota kokwa za tende jikoni kwetu, nikaziosha, nikagawa. Mle barazani mlikuwa na mtoto mmoja wa miaka tisa ambaye sitamtaja jina. Chuoni alikuwa na sifa mbaya. Akishika msahafu anasoma vizuri, lakini akiulizwa kilichoandikwa ubaoni anababaika, anatunga maneno. Tulisema ni utundu. Nasema “tulisema” kwa sababu na mimi nimo. Ramadhani ya kabla yake, nilipokuwa nasaidia kusomesha, nilimsimamisha ukutani zaidi ya mara moja, na siku moja nilimcheka mbele ya wenzake.

Mtoto huyu hakungoja zamu yake ya lenzi. Aliileta kokwa karibu na pua kabisa, akafumba jicho moja, akachora. Wenzake walichora yai refu lenye mstari katikati. Yeye alichora ufa wa upande mmoja wenye kingo zilizoviringana, ndani ya ufa kuna kitu kama uzi, juu ya kokwa kuna ngozi nyembamba iliyobanduka kidogo pembeni, na karatasi ya pili alichora mgongo wa kokwa wenye kitundu kidogo mno, mviringo, kama kimechomwa kwa sindano. Nikamwambia, “Hicho kitundu umekitunga.” Akanipa kokwa. Nikatazama kwa lenzi, nacho kipo. Miaka ishirini na miwili nimekula tende, kitundu kile sijawahi kukiona. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ndipo kichipukizi cha mtende kinapotokea.

Nikasimama pale na kokwa mkononi, na maneno matatu yakanijia ambayo nimeyasoma tangu utotoni: naqir, fatil na qitmir. Walimu wetu hapa wananielewa. Naqir imo mara mbili katika Surat an-Nisaa. Fatil imo mara mbili katika sura hiyo hiyo na mara moja katika al-Israa. Qitmir imo katika Faatir. Tulifunzwa kwamba maana yake ni “kitu kidogo mno”, tukahifadhi hivyo, tukapita. Lakini wafasiri wameeleza tangu zamani kwamba yote matatu yamo kwenye kokwa ya tende: naqir ni kile kitundu cha mgongoni, fatil ni ule uzi wa ndani ya ufa, na qitmir ni ile ngozi nyembamba inayoifunika. Waarabu wa jangwani waliokula tende kila siku walijua mara moja ni nini kinachosemwa, hasa pale inapoahidiwa kwamba hakuna atakayedhulumiwa hata kiasi hicho. Na mimi niliyehifadhi nilihitaji mtoto wa miaka tisa, tena yule mtundu, anionyeshe kwa penseli.

Nikamuuliza, “Umeona vipi bila lenzi?” Akasema, “Kitu kikiwa karibu naona.” “Na ubao je?” Akanyamaza, akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. Kisha akasema, “Ubaoni naona chaki imepakwa tu, Maalim.”

Ndugu zangu, sikuwa na la kusema. Nilimpeleka kwa mama yake jioni ile ile. Alipopimwa macho ilionekana haoni mbali, na hali hiyo ameishi nayo muda mrefu. Kwa karibu jicho lake ni kali kuliko la kwangu na lenzi yangu ya shilingi 150. Mama yake alilia, akasema alidhani mtoto ni mvivu. Mimi nilimwomba radhi yeye na mwanawe. Sasa ana miwani, na mashallah anakaa safu ya nyuma kwa raha zake. Tulikuwa tumemwadhibu kwa miaka miwili kwa kosa ambalo si lake, na mtihani uliotuonyesha ulikuwa ni kuchora kokwa. Walimu wenzangu, mtoto anayechora vitu vya mkononi kwa udani usio wa kawaida lakini akinakili ubaoni anakosea, mpelekeni akapimwe macho kabla ya kushika fimbo.

Najua wapo hapa wanaojiuliza hukumu. Ni swali la haki. Hata mimi liliniletea shida, kwa kuwa wiki ya tano ustadh mmoja mzee wetu alikuja barazani na uso umekunjana, akaniuliza mbele ya watoto, “Unawafunza taswira ndani ya chuo?” Nikamwekea mkeka akae. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (R.A) akamwambia riziki yake inatokana na kazi ya mikono yake ya kutengeneza picha. Ibn Abbas akamsikilizisha onyo la Mtume (S.A.W) juu ya kazi hiyo, mtu yule uso ukambadilika. Kisha akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi achore miti na vitu visivyo na roho. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika mengi yanayohusu picha, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ila miti, majani, mbegu, matunda, kombe na mawe mlango wake ni mpana. Tazameni milango ya Lamu na nakshi zake za maua na majani, mafundi wale walikuwa wenye kuswali.

Ustadh alikubali, kwa sharti kwamba kisichorwe chenye roho. Nikakubali. Haikuchukua hata saa moja, msichana mmoja akaja analia: jani lake lina kiwavi, na Maalim amesema chora unachokiona! Nilikwama. Ustadh ndiye aliyetutoa. Alisema, “Kiwavi mwache aende zake. Chora alipokula.” Basi alichora tundu, na kingo za tundu zenye meno meno madogo kama msumeno, na ninaamini ndio mchoro bora kuliko yote tuliyopata. Sikulifikiria hilo mimi mwenye kusomea ualimu. Na kabla hajaondoka aliomba lenzi, akaitazama ile kokwa kwa muda mrefu sana. Hakusema kitu. Alitia kokwa moja mfukoni mwa kanzu.

Kina mama mtaniuliza faida ya dunia, na mna haki. Kuna mama mmoja Mmarekani, Georgia O'Keeffe, alianza mwaka 1924 kuchora maua makubwa kuliko kifua cha mtu, kwa kuwa aliona watu wa mjini wana haraka na ua dogo hawalitazami. Picha yake moja ya mwaka 1932, ya ua jeupe la jamii ya mnanaha, ule mmea wa sumu unaoota majaani, ina urefu wa sentimita 122. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 44. Sisemi wanenu watapata dola hizo! Na mnanaha msiwape watoto waushike. Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Mwingereza Robert Hooke, aliyetoa mwaka 1665 kitabu cha michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Humo aliita vijumba alivyoviona kwenye kipande cha gome kwa jina ambalo leo kila mwanafunzi analisema, seli. Sayansi ile ilipita kwenye ncha ya mchoraji. Daktari, fundi wa meno, sonara, fundi wa simu, wote hawa riziki yao iko katika kuona kidogo kama kikubwa.

Nilipokuwa darasa la nne nilichora jani likatoka nje ya karatasi. Mwalimu alinipa alama tatu kwa kumi, akaandika kwamba nichore jani, sio mkeka. Sina kinyongo naye, alikuwa na watoto sitini na tano darasani. Ila sikuchora tena kwa miaka kumi.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba. Ramadhani hii kila nyumba itafturu kwa tende. Msitupe kokwa zote. Zioshwe, ziachwe zikauke kwenye sahani, na jioni moja baada ya tarawehe kila mtoto apewe moja, karatasi nzima na penseli iliyochongwa. Mzazi naye achukue ya kwake, akae chini pamoja nao. Usimchoree, na usimsahihishe. Ukiona amekosea muulize tu, “Hapa kwako pana nini?” arudi kutazama. Ngozi nyembamba hutoka ukiisugua sana, kwa hiyo osheni polepole, la sivyo qitmir mtaikosa. Na kitundu kiko upande wa pili wa ufa, karibu na katikati. Msiwaambie watoto, waacheni wakitafute.

Darasa la barazani litarudi Jumamosi ya pili baada ya Idi, insha'Allah, saa nne asubuhi. Lenzi tunazo tatu sasa, ya tatu aliileta ustadh. Karatasi tunahitaji.